Kupe ya Modeste

Gari ya Modeste, fundi wa magari wa mtaa wa Kimanga, ilikuwa kuukuu ya milango miwili, ile ambayo Wafaransa huiita kupe. Jina hilo, jamani, ndilo lililomponza. Patient, mume wa Célestine dada yake, hakuchoka kumtania: "Shemeki, hii kupe yako inanyonya mafuta, kesho itakunyonya na weye." Patient mwenyewe alikuwa na gari mpya, milango mitano, ule wa nyuma ukifunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku.

Mwaka wa tisini na sita, vita viliposhuka bonde la Ruzizi, mzaha ukaisha. Patient alikuja gereji, sauti chini.

"Sema kweli. Tukikimbia, gari gani itafika mji wa Baraka?"

Miaka yote Modeste alikuwa akiingojea siku hiyo. Alifungua maboneti yote mawili, akafundisha kama mwalimu. Mpya iko chini mno, jiwe moja la njia ya Makobola litaitoboa. Kupe imeinuka, haina makuu, ukiwa na waya na koleo unafika. Sifa zikamlevya, akaonyesha hata swichi aliyoificha chini ya kisahani cha majivu ili askari wasiibe gari. Si shemeki? Wakapatana waondoke pamoja asubuhi, Mama Agnès, mzazi wa Modeste na Célestine, akae kwenye mpya, maana magoti yake yamekufa na milango miwili haimwezi.

Asubuhi Modeste alikwenda mtaa wa Rugenge kumchukua mama yake kwa baiskeli. Aliporudi, kupe haipo. Mpya ilibaki na ufunguo wake, na chini yake mpira wa kunyonyea mafuta, bado unadondosha. Tangi tupu. Célestine naye amekwenda, mtoto wa tumbo moja na yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma namna hii. Modeste alitaka kulia, akaona haya mbele ya mama.

Mizinga ilisikika upande wa Kiliba. Mama akaingia kwenye mpya taratibu, akanyoosha miguu yake mibovu, mlango ukafungwa bila kelele.

"Hii gari iko muzuri," alisema. "Na ile kupe iko wapi?"

"Kupe amekwenda, mama."

"Unasema kama iko muntu."

Modeste alizunguka nyuma ya gari, akaweka bega, akaanza kusukuma.