Kila Mheshimiwa Apitapo

Asubuhi hiyo Danlami alikuwa amekaa mkekani kando ya ukuta wa jikoni, daftari pajani, akiandika juu ya nyumba zenye miguu. Mkewe, Balaraba, alikuwa akikaanga kosai, bajia za kunde, za kuwauzia wapita njia, na moshi wa mafuta uliwafikia wote wawili sawasawa. Nyumba za Danlami zilikuwa za miaka mia tatu ijayo. Jua likipanda, ziliinuka zenyewe zikahamia kivulini.

"Zina miguu mingapi?" Balaraba aliuliza.

"Minne."

"Basi zitakanyaga kuku wa watu. Nani atalipa kuku?"

Danlami akaandika habari za kuku.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Pale Dorowa, kaskazini mwa Naijeria, walikuwapo wanaume waandikao visa vya mapenzi, na wanawake waviandikao vizuri zaidi, lakini mambo ya nyota, mashine na majini wanaojua hesabu yalikuwa yake peke yake. Akijaza daftari hulipeleka kwa mpiga chapa, kisha kurasa huenda ofisi ya ukaguzi wa vitabu. Bila muhuri wa ofisi ile hakuna mchapishaji wa kukugusa. Kitabu kikitoka, wasomaji humfuata sokoni kumgombeza. "Malam, yule jini uliyemuua alikuwa na watoto wadogo," muuza karanga mmoja alimwambia, na ikabidi amfufue katika sehemu ya pili.

Mkaguzi aliitwa Alhaji Mudi. Alisoma na kalamu nyekundu mkononi, na alichokikata kwenye kurasa kilikoma kuwapo Dorowa. Katika kitabu cha kwanza alikata ngamia wanaoruka. Hakuna aliyepoteza kitu. Katika cha pili alikata taa za barabarani, kwa kuwa Danlami aliandika kwamba hata karne ijayo zitawaka Ijumaa tu. Kesho yake nguzo hazikuwapo. Watu wakaanza kufunga maduka mapema, na wezi wa nyaya wakatafuta kazi nyingine.

Katika kitabu cha nyumba zenye miguu alikata zahanati. Danlami alikuwa ameandika kwamba nyumba zitatembea, ila zahanati ya Dorowa bado haitakuwa na dawa. "Huyu anatutukana mpaka wajukuu zetu," Alhaji Mudi alisema, akavuta mstari. Asubuhi yake mbuzi walikuwa wakila majani pale ilipokuwa zahanati. Mkunga, Mama Asabe, alitoweka nayo, pamoja na baiskeli yake.

Balaraba alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilimtoa damu mpaka mtoto akafa, na yeye mwenyewe alipona kwa mikono ya Mama Asabe, si kwa kitu kingine. Danlami akaenda ofisini.

"Alhaji, mke wangu mjamzito. Umekata zahanati."

"Nimekata sentensi."

"Zahanati haipo."

"Dawa zilikuwapo?"

"Hazikuwapo."

"Sasa umepoteza nini?" Alhaji Mudi akamsogezea kisahani cha goro, kokwa chungu wanazokirimiwa wageni. "Tafuna, Malam. Wewe si ndiye fundi wa yasiyokuwapo? Iandike tena. Ila safari hii kwa adabu."

Kutoweka kwa zahanati hakukumshtua Danlami. Vitu vya serikali hutoweka kila siku, wala havingoji kalamu. Kilichomshtua ni ile goro. Hakujua kwamba mtu anaweza kukunyang'anya mkunga huku anakukirimu.

Akaandika kitabu kifupi juu ya Mheshimiwa mkuu wa jimbo, aliyeng'aa hata majogoo wakadhani kumekucha. Katikati ya sifa, kama mtu afichaye sindano ndani ya mkate, akaiweka zahanati, na dawa, na kitanda, na Mama Asabe. Balaraba alisomewa akacheka huku ameshika tumbo.

"Malam, huyu umempaka asali mno. Nzi watamla."

"Wamle. Ila wewe ujifungue kwanza."

Alhaji Mudi hakukata hata nukta. Alifurahi mpaka akataka kuchangia. Baada ya maneno "zahanati ya Dorowa ilikuwa wazi", akaongeza kwa mkono wake: "kila Mheshimiwa apitapo". Akapiga muhuri.

Ikawa hivyo. Msafara wa Mheshimiwa ulipopita kwenda kuzindua kisima, ving'ora vikalia, na zahanati ikatokea penye mbuzi, imepakwa rangi, dawa zimejaa rafuni, Mama Asabe mlangoni. Gari la mwisho lilipopita, ikaondoka. Mgonjwa mmoja wa malaria alibaki ameketi hewani kidogo, kisha akashuka chini na kipimajoto chake kwapani. Baada ya hapo wenye homa walikaa kando ya barabara tangu asubuhi.

"Leo anapita?"

"Anapita. Waziri anaozesha binti."

"Alhamdulillahi. Wakubwa wakioana na sisi tunapona."

Danlami aliyakata yale maneno ya nyongeza katika nakala yake, asione badiliko. Kalamu ya nyumbani si kalamu ya ofisini. Akaenda kuomba yaondolewe huko huko, akaambiwa Alhaji Mudi yuko Umra, na kalamu kaifungia kabatini.

Balaraba akashikwa na uchungu siku ya soko. Jirani yao, Inna Delu, mama wa makamo asiyeogopa mtu, akamlaza kwenye mkokoteni, wanawake wakausukuma hadi kando ya barabara, wakangoja. Jua likiwa utosini, ving'ora vikasikika. Zahanati ikatokea, wakamwingiza. Danlami akasimama mlangoni. Inna Delu yeye akaenda kukaa katikati ya barabara, na wenzake wakakaa naye. Msafara ukasimama.

"Mama, ondoka hapo," askari alisema.

"Miguu imekufa ganzi, mwanangu. Na wewe ulizaliwa wapi, ulinunuliwa dukani?"

Mheshimiwa akateremsha kioo. Alidhani wamekuja kumshukuru, akawapungia mkono, akapigwa picha. Ndani mtoto akalia. Mama Asabe akatoa kichwa. "Msichana! Ila damu haijasimama. Nipatieni muda."

Danlami akakimbilia gari. "Mheshimiwa, kaa kidogo. Kidogo tu."

"Nimekaa sana, ndugu yangu," Mheshimiwa alijibu kwa upole. "Nachelewa mkutano. Unahusu afya ya akina mama."

Magari yakaacha barabara, yakapita katikati ya shamba la mtama la mtu, yakaenda zake. Zahanati ikaanza kuondoka, paa kwanza, halafu kuta, halafu kitanda. Mikono ya Mama Asabe ndiyo iliyokuwa ya mwisho, bado imelikandamiza tumbo. Balaraba akabaki majanini, mtoto kifuani, mbuzi wakimkwepa.

"Malam," alisema, "jua kali."

Danlami akamkinga kwa kanzu yake, akakandamiza palipokuwa na mikono ile. Alikuwa ameandika mashine zinazoshona majeraha kwa mwanga, na wasomaji walizisifu, lakini hakujua pa kukandamiza. Akakandamiza kila mahali. Kabla ya adhana ya alasiri Balaraba alikuwa amekwisha.

Alhaji Mudi aliporudi Umra alifika kutoa taazia, na tende. Akakaa mkekani, akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Alikuwa mtu mwema," alisema. "Muweke kitabuni, Malam. Mimi sitamkata." Danlami alimtazama kinywa wazi. Kinywa chake kilibaki wazi hivyo hata baada ya mgeni kuvaa viatu, mpaka Inna Delu alipokuja na kichanga na kumwambia akifunge, nzi wanaingia.

Serikali iliunda tume, na tume ikagundua kwamba msafara ulizuiwa. Barabara ikapanuliwa, ikatiwa lami mpya, na vyuma vikapigwa pande zote mbili ili mtu asipate pa kuingilia wala kukaa. Zahanati hutokea bado, na watu wa Dorowa wameizoea; wakisikia king'ora tu huanza kukimbia, wajawazito mbele, wakiruka vyuma. Kwenye lami ile magari hupita kama upepo. Mama Asabe hutokea mlangoni, husema, "Anayefuata," na nafasi huwa imekwisha.