Tanga ni ya Mtu Mmoja

Mchana wa Jumanne iliyopita Mwanamvua aliota anaendesha gari.

Hakuwa amekusudia kulala. Alikuwa mkekani, sebuleni kwao Dodoma, karibu na mlango wa chumba cha baba yake, akichagua mchele. Joto lilikuwa lile la kunyamazisha hata kuku. Ungo ukateleza mapajani, usingizi ukamchukua.

Baba yake, Mzee Mbwana, alikuwa wa kitandani tangu kiharusi kilipompiga. Upande wa kushoto ulikufa, na maneno yote yalimpotea isipokuwa moja: "Haya." Ukimwuliza kama ana njaa, haya. Ukimwuliza kama ameshiba, haya. Lakini redio ikitaja Tanga, alikozaliwa, alikuwa akitokwa na machozi. Mwanamvua alitaka kumpeleka akaione bahari tena, apitie na miji mingine ya pwani alikofanyia kazi ujanani. Kaka yake Rajabu, aliyeishi Morogoro, hakutaka hata kulisikia jambo hilo.

"Unataka afie njiani?" alimwambia kwenye simu asubuhi ile ile. "Halafu utanijibu nini mimi?"

Mwanamvua alikata simu bila kuaga.

Sasa yuko kwenye usukani. Hajui kuendesha, lakini gari halijui kwamba hajui, kwa hiyo linakwenda. Baba yake amekaa kiti cha mbele, kanzu imenyooka, miguu yote miwili mizima. Nje lami inachuruzika kama asali. Kiti cha nyuma amekaa Jua, mtu mnene wa makamo, amejifunga mkanda na kikapu amekipakata.

"Shikamoo mzee," Jua anasema.

"Marahaba," anaitikia Mzee Mbwana, maana ndiye mkubwa. "Hujambo?"

"Sijambo, ila hili joto. Naomba mnishushie kioo."

Mwanamvua akamshushia kioo. Haikusaidia kitu. Kisha ndipo alipogundua kwamba kuna jambo halikai sawa.

"Baba, unaongea!"

"Nilikuwa naongea siku zote, mama. Ninyi ndio mlikuwa mnasikia haya."

Bagamoyo iliwafikia kabla wao hawajaifikia. Barabarani palikuwa na mti wa kizuizi, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, umelala katikati ya njia.

"Bwaga moyo," mti ukasema.

"Sisi wapita njia tu," alijibu Mwanamvua. "Tumekuja kutembea."

"Hata wapita njia. Jina la mji si umelisikia? Bwaga moyo."

Pembeni palikuwa na meza, kama zile za wauza pweza, na juu yake mioyo imerundikwa na kufunikwa kawa isiingiwe na nzi. Mwanamvua akautoa wake. Ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, nao ulimrukaruka mkononi kama samaki. Akauweka juu ya mingine, akairudisha kawa.

"Nikirudi nitaukuta?"

"Wote huuliza hivyo," mti ukasema.

Mzee Mbwana naye akapeleka mkono kifuani.

"Wewe pita tu, mzee. Wako uliubwaga siku ulipoihama pwani. Uko huko chini kabisa, umeshakauka."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari aliyokuwa akiijua. Jua hakuulizwa chochote.

Walipopita ufukweni, watu walikuwa wamejaa, muziki unalia, chipsi zinakaangwa. Watoto walikuwa wanamfukia baba yao mchangani kwa mchezo, hadi kiunoni, hadi shingoni, kisha wakaendelea. Mwanamvua aliwaona vizuri kabisa. Akabadilisha gia.

Kona moja tu, wakawa Pangani.

Kwenye foleni ya pantoni hapakuwa na mtu wa kuongoza watu. Palikuwa na kiti cheupe cha plastiki, mguu mmoja umefungwa kamba, kinapiga kelele: "Pangani! Pangani!"

"Hilo ni jina la mji au ni amri?" Mwanamvua akauliza.

"Vyote viwili. Shukeni mjipange."

"Tujipange kwa urefu?"

"Kwa kuondoka," kiti kikasema. "Atakayekufa mwanzo anakaa mbele. Ni utaratibu wa kawaida."

Mzee Mbwana akawekwa wa kwanza. Nyuma yake alisimamishwa bwana harusi mmoja aliyekuja kupunga upepo wa fungate, kijana, ana shada la maua ya plastiki shingoni. Mkewe alipangwa mbali sana huko nyuma. Lakini walikuwa hawajaachiana mikono, kwa hiyo mikono yao ilivutika kama mpira juu ya vichwa vya watu wote, na watu waliinama kidogo kuipisha.

"Huyu kijana ana kosa gani?" Mwanamvua akauliza.

"Mimi napanga watu," kiti kikajibu. "Sababu sizipangi."

"Na mimi nafasi yangu iko wapi?"

Kiti kikaelekeza kwa mguu wake mzima. Foleni ilipanda kilima, ikashuka, ikapotea kwenye mashamba ya mkonge. Pantoni ilikuwa inawachukua wa mbele tu. Mwanamvua akamshika baba yake mkono, akasema hawezi kumwacha avuke peke yake, kwa sababu kule ng'ambo hakuna mtu anayejua dawa zake. Kiti kikasema dawa kule hazitumiki.

Hapo Mzee Mbwana akakohoa. "Huyu ni dereva wangu," akasema.

Kiti kikafikiri. "Dereva hapangwi," kikakubali. "Pitisheni gari."

Wakavuka. Maji ya mto yalikuwa yanachemka polepole, kama maji ya ugali. Bwana harusi alisimama kwenye ukingo wa pantoni, mkono wake umenyooshwa nyuma, ukazidi kuwa mwembamba mpaka ukawa uzi. Walipofika ng'ambo lilishuka shada peke yake.

"Mpisheni," Mzee Mbwana aliwaambia abiria wengine, na watu wakalipisha shada kwa heshima.

Tanga ilikuwa hapo hapo, baada ya minazi. Mwanzo wa mji palisimama kibao kikubwa kimeandikwa TANGA, lakini upande wa kushoto kimeachwa wazi. Chini yake zilikuwa zimekaa herufi mbili, M na A, zimechoka kwa joto, zinajipepea kwa makuti.

"Karibuni," kibao kikasema. "Sharti ni moja tu. Mji huu ni wa mtu mmoja. Akiingia mmoja, hapa ni Tanga. Wakiingia wawili, hawa wenzangu wanapanda juu."

Mwanamvua akasoma kichwani jinsi neno litakavyokuwa. Matanga. Akazima gari.

Jua akafungua mkanda, akachukua kikapu chake. Alisema yeye anashukia hapa, hafai kuonekana kwenye jambo kama hili. Akaondoka kwa miguu, akaacha joto lake lote kwenye kiti.

"Nitaingia mwenyewe," alisema Mzee Mbwana. "Wewe kaa ndani ya gari. Nikishaiona nitarudi."

"Utarudi kweli, baba?"

"Haya," alisema mzee, na safari hii Mwanamvua hakujua kama amejibu au vipi.

Akashuka. Anatembea bila mkongojo, anavuka mchanga, anapandisha kanzu. Bahari imekaa kimya kama mtu aliyefika mahali akasahau alichofuata. Mzee anaingia. Maji yanafika vifundoni, yanafika kwenye ugoko, yanafika magotini. Hapo anasimama. Anaangalia mbali kwa muda mrefu, na mabega yake, ambayo Mwanamvua amezoea kuyageuza kila asubuhi yasipate vidonda, yanashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Ndipo wimbi lilipoonekana. Halikuwa na haraka. Lilikuwa refu kama ghorofa, na juu yake watu walikuwa wamekaa kwenye viti, wanakunywa soda.

"Mwanamvua!" baba yake aliita bila kugeuka. "Njoo unishike mkono, mwanangu. Hili kubwa."

"Baba, sharti!"

"Nalijua sharti. Nakuomba mkono."

Mwanamvua akaangalia kibao. Kibao kikaangalia pembeni. Akiwa na moyo, labda angeogopa kwanza, angempigia Rajabu simu, wangebishana. Lakini moyo ulikuwa Bagamoyo chini ya kawa, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mzee anayeogopa kuanguka. Akavua viatu. Mchanga ukamuunguza nyayo, akakimbia. Akaingia majini mpaka magotini, akaushika mkono wa kushoto wa baba yake, ule uliokufa, nao ukamshika kwa nguvu.

Nyuma yake akasikia herufi mbili zinainuka, zinajipangusa mchanga.

Alipoamka, mchele ulikuwa umetapakaa mkekani. Nyumba ilikuwa kimya. Akaenda mlangoni.

"Baba?"

Mzee Mbwana hakusema haya.

Rajabu alifika jioni hiyo kutoka Morogoro. Hakumsalimu dada yake. Alikaa na wanaume nje, akapokea pole za watu, akatazama chini. Asubuhi, watu wa msikiti walipokuja kumwosha maiti, yeye kama mtoto wa kiume akaingia nao. Mwanamvua alikuwa jikoni, amekaa kwenye kibao cha mbuzi katikati ya masufuria ya majirani, alipomwona kaka yake amesimama mlangoni. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa, na macho yake hayakuwa ya ugomvi tena.

"Mwanamvua."

"Abee, kaka."

"Mzee ulikuwa unamwogeshaje?"

"Kwa kitambaa, pale pale kitandani. Unajua hakuweza kuinuka."

"Hukumtia majini? Beseni, au ndoo?"

"Sikumtia."

Rajabu alijipangusa uso kwa mkono. "Miguu yake imekunjamana. Kuanzia magotini kwenda chini, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyeshinda majini. Juu ya magoti hamna kitu." Akageuka kutazama upande wa chumbani. "Hata wenzangu wameshangaa. Mtu anakaaje Dodoma hii, kitandani, na miguu ya namna hiyo?"

Mwanamvua akaivuta kanga yake taratibu, akafunika miguu yake mwenyewe.