Mama Yuko Uani

Muuza magodoro aliichora nyumba yake nyuma ya boksi la mito, akiwa amekaa kwenye godoro la maonyesho mbele ya duka lake. Alichora geti, sebule, vyumba vitatu, jiko, na ua wa nyuma wenye bomba na stoo. Wiki hiyo wezi walikuwa wameruka ukuta wa jirani wakaondoka na mtungi wa gesi na nguo zote za kwenye kamba, hata zilizokuwa bado mbichi. Mkewe alikuwa amesema hatapata usingizi mpaka nyumba yao ifungwe kamera.

Fundi wa kamera, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Macho, aliligeuza boksi huku na huku.

"Ndiyo mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Nimejua tu. Umeweka kamera nane, na mbili zinaangaliana." Akaomba kalamu. "Usianze na kamera, bosi. Anza na mwizi. Mwizi ni wewe. Unaingilia wapi?"

Muuza magodoro alijifanya mwizi kwa muda, akataja geti, mlango wa mbele na mlango wa jikoni. Kamera nane zikawa tatu. Fundi akamweleza kwamba zisikae juu sana, kwa sababu ukiziweka juu sana unaambulia kofia na vipara, na anachotaka mtu ni sura. Kisanduku cha kuhifadhia picha kisikae chini ya televisheni, maana mwizi akibeba televisheni atabeba na ushahidi. Kikawekwe kabatini, nyuma ya mashuka.

Alipokwenda kuvuta nyaya, alisimama kidogo mbele ya stoo. Mlango wake ulikuwa na pete ya kufuli kwa nje. Akachungulia ndani, akapitisha kidole kwenye ubao.

"Mlango umekwaruzwa kwa ndani."

"Panya," alisema muuza magodoro.

"Panya warefu," alisema Fundi Macho, akaendelea kupigilia waya.

Kamera zilipoanza kazi, siku ya kwanza zilinasa paka na mwanamke aliyekosea geti. Siku ya pili mchana, muuza magodoro akiwa dukani na mteja amelala chali akilijaribu godoro, simu ilimwambia kuna mtu uani. Akaifungua. Mama yake, aliyefariki mwaka uliopita, alikuwa anatoka stoo. Alikuwa amevaa sweta ya kahawia waliyomzika nayo. Alivuka ua polepole, akainama kwenye bomba, akapapasa mahali palipokuwa na koki. Koki ilikwisha kuondolewa zamani, kwa sababu alikuwa akilifungua bomba na kulisahau. Basi akaenda mlango wa jikoni, akagonga, akasimama kando kama anayempisha mtu atoke.

Muuza magodoro aliona kwamba mama amepungua. Akaweka simu mfukoni, akamwambia mteja godoro hilo lina dhamana.

Jioni mkewe alimpokea sebuleni na simu yake mkononi.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Picha imetoka safi," alisema mkewe.

Walimwita Fundi Macho. Alipanda ngazi, akafuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati, akashuka.

"Kamera haina kosa. Inanasa kilichopo. Nimefunga kwa mzee mmoja, marehemu kaka yake bado anakaa garini. Wameshamzoea, wanamwomba tu asogee wakitaka kutoka." Akachukua simu ya muuza magodoro. "Tatizo lako ni kelele za simu, si ndiyo? Hapa inakuuliza kama ni mtu unayemjua. Ukikubali, haitapiga tena king'ora."

Muuza magodoro alikubali. Simu ikamwuliza ni nani, akaandika. Tangu hapo kila mchana, badala ya king'ora, maneno yalipita kimya juu ya kioo: Mama yuko uani. Aliyafuta kwa kidole gumba kama anavyofuta matangazo.

Mama hakuwa wa kwenye simu tu. Siku ambazo mkewe hakuingia kazini, alimwona kwa dirisha la jikoni akiwa mzima mzima, na kivuli chake. Siku moja aliacha kukatakata vitunguu, akafungua mlango, akampa kikombe cha maji. Mama mkwe alikunywa yote bila kupumua, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Mume wako amerudi?"

"Bado, Mama."

"Basi nitamsubiri."

Mkewe akafunga mlango. Aliposimulia jioni, muuza magodoro alikunja uso.

"Usimpe tena. Akizoea hataondoka."

"Kwani ameondoka?" aliuliza mkewe. Lakini hakumpa tena.

Dada mkubwa wa muuza magodoro alikuwa anaishi nchi nyingine, akifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Aliposikia kuhusu kamera alifurahi, akaomba aunganishwe, awe anaiona nyumba ya mama yao akiwa na hamu nayo. Mdogo wake alimwunganisha bila kufikiri sana. Kabla ya wiki kuisha, akapiga simu.

"Mdogo wangu, kwa nini Mama anatokea stoo?"

"Ndiko alikokuwa anakaa."

"Uliniambia yuko chumba cha mbele. Kila nilipopiga uliniambia, yuko chumba cha mbele, amelala."

"Cha mbele kina kelele za barabarani."

"Na ile pete ya kufuli?"

Muuza magodoro alihamia nyuma ya rundo la magodoro, wafanyakazi wake wasimsikie.

"Alikuwa anapotea, dada. Unamkuta sokoni hana viatu, anauliza njia ya kwenda kwa mama yake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ningefunga duka nikae nimshike mkono?"

"Siku aliyofariki mlikuwa mmefunga?"

"Tulikuwa harusini."

"Sikukuuliza mlikuwa wapi."

"Tulifunga," alisema. "Tulirudi kesho yake."

Dada alilia sana. Muuza magodoro aliiweka simu sikioni, hakuikata. Aliona huo ndio uungwana. Mwishoni dada akapenga kamasi, akasema anakuja, hata kesho, mambo hayawezi kubaki hivyo.

Hakuja. Mwezi ule kazini kwake walikuwa wachache, na uliofuata wazee wake waliugua mafua. Ila aliangalia. Kila mchana, popote alipokuwa, alifungua simu akamtazama mama akivuka ua, kisha akatuma ujumbe: leo amechechemea, leo amejifunga kitambaa vizuri. Aliuliza kama kamera inaweza kushushwa kidogo, maana uso hauonekani sawasawa. Fundi Macho akaja akaishusha.

Aliyelalamika ni jirani. "Mgeni wenu anagonga mchana kutwa," alisema ukutani, bila ubaya. "Si mumfungulie tu?"

Wakaona aibu. Fundi Macho akawaonyesha kwamba kamera ya uani ina spika, mtu anaweza kuongea na aliye nje akiwa popote, na kwamba siku hizi kuna kitasa kinachofungwa kwa simu. Kesho yake alikifunga kwenye mlango wa stoo, kwa nje, akaing'oa ile pete ya kufuli kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

Mchana ule muuza magodoro alibonyeza alama ya spika. "Mama."

Mama akainua uso kwenye kamera. Akavuta sweta vizuri, akalainisha nywele.

"Mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Rudi ndani, Mama."

"Nagonga, hawafungui."

"Si huo mlango. Ule wako."

"Utakuja kunitoa?"

"Nakuja sasa hivi."

Mama akarudi stoo, akauvuta mlango nyuma yake, kwa upole, kama aliyefundishwa. Muuza magodoro akabonyeza.

Kesho yake mama alitoka tena, kitasa au hakuna kitasa, ikawa ndiyo kazi ya kila mchana, na jirani akashukuru. Msimu wa shule ulipofika, wazazi walijaa dukani kutafuta magodoro ya bweni, na mara nyingi mama aligonga huku mwanawe ana wateja mikononi. Siku moja dada akapiga.

"Nasikia uko na watu. Niachie mimi."

Muuza magodoro alimwachia. Kwenye simu alimsikia dada yake akiita kwa sauti nyororo, ile aliyoitumia kwa wazee wake kazini.

"Mama, ni mimi binti yako."

"Umefika?"

"Niko njiani. Ingia ndani unisubiri."

"Humo hamna taa, mwanangu."

"Ingia tu, Mama. Nakaribia."

Mlango ukajifunga, kitasa kikalia. Dada akarudi kwa mdogo wake.

"Hivi kweli humo hamna taa?"

"Ilikuwepo. Balbu iliungua."

"Uibadilishe basi."

"Wikiendi," alisema muuza magodoro, akamgeukia mzazi aliyekuwa anauliza kama godoro lile lipo la rangi nyingine.