Iacheni Ilie

Kwa miaka ishirini na sita Mama Simu alikuwa ameketi mbele ya ubao wa simu wa hospitali, akiunganisha watu kwa waya na plagi. Sheria ilikuwa imetundikwa ukutani: laini ikiwaka muda mrefu, fungua swichi usikilize, ukisikia kelele, chomoa, ni mbovu. Basi laini namba sita ilipoanza kupiga mayowe kila saa nne asubuhi, kama paka aliyekanyagwa mkia, aliichomoa. Siku tatu mfululizo.

Siku ya nne mtunza maktaba wa hospitali alipanda ngazi hadi kwake. Hakugomba. Alileta vikombe viwili vya chai, akampa kile kizima, akabaki na chenye mpini uliovunjika.

"Mama, ile ni kompyuta yangu inapiga simu kwa kompyuta ya chuo kikuu, ng'ambo. Barua ikifika kule, inasomwa na madaktari wa nchi kumi."

"Nami nikichomoa?"

"Inapotea. Hata ukifungua swichi kusikiliza tu, inaharibika."

"Ala! Kumbe siku zote nawakatiza watu mazungumzo! Na leo mnaongea nini?"

"Kuna mtoto wodi ya tatu, homa haishuki. Daktari aliuliza. Leo tunapokea jibu."

Saa nne taa ya sita ikawaka. Mkono wa Mama Simu ulizoea kwenda kwenye swichi wenyewe, kwa hiyo akaukalia. Dakika kumi zikapita. Msimamizi wake akaingia.

"Sita inawaka tangu lini? Umesikiliza?"

"Sijasikiliza, wala sitasikiliza."

"Ni vile vyombo vya maktaba! Mchezo wa kupita tu. Chomoa."

"Sichomoi, mwanangu. Hata simu babu yangu alisema itapita, na mimi nimezeekea hapa."

"Mimi si mwanao, ni bosi wako!"

Akanyoosha mkono. Mama Simu akasimama, akavua visikilizio vyake vya masikioni, akamvisha yeye.

"Haya, bosi. Ukiichomoa hiyo, na hizi nyingine zote ni zako."

Taa tano zikawaka kwa pamoja. Msimamizi akachomeka huku, akachomeka kule.

"Haloo? Hapana, daktari, hapo ni jikoni, sijui habari za viazi…" Jasho likamtoka. Akavivua visikilizio. "Nitakuandikia onyo!"

"Liandike kwa herufi kubwa, baba. Macho yangu siku hizi hayaoni."

Taa ya sita ikazimika yenyewe. Viatu vya mtunza maktaba vikasikika vikikimbia koridoni kuelekea wodi ya tatu. Punde wodi ya tatu ikaita, daktari akasema: "Mama, nipe famasi, upesi! Dawa yenyewe tunayo humu humu!"

Akamuunganisha kabla hajamaliza.

Kisha akaishusha ile sheria ukutani, akaikata kwa mstari, akaandika chini yake polepole: *Namba sita ikilia, iacheni ilie.* Akamfikiria atakayeketi hapo baada yake, akaongeza: *Wala msisikilize. Si adabu.*