Mshono Nje

Nianze na kosa, kwa sababu kosa ni langu na sitaki mtu mwingine anibebee. Miaka ishirini na sita niko kwenye cherehani, na kila fundi anajua: kabla hujakata kitambaa unakitia alama ya chaki mgongoni, ule upande uliofifia, usije ukachanganya. Siku nilipokata mashati kumi na manne ya timu ya mpira ya wasichana wa mtaani kwetu nilikuwa na homa, nikaitia chaki upande wa uso wa kitambaa. Nikashona yote. Nilipoyapiga pasi ndipo nikaona rangi nzuri yote imelala ndani, na nje kumepauka kama tambara la deki.

Mechi ilikuwa kesho yake. Nilikaa chini nikalia, wala sioni haya kusema. Mtoto wa kaka yangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, ndiye aliyekuwa nahodha. Akachukua shati moja, akaligeuza, akalivaa mishono ikiwa nje.

"Shangazi, usifumue. Tutavaa hivi hivi."

"Watu watawacheka."

"Wacheke. Sisi tutashinda."

Walifungwa mabao manne, lakini mashati yalipendwa. Mwezi haukuisha, vijana kibao wakawa wamegeuza nguo, wavulana kwa wasichana, wengine wananiletea niwashonee mishono upya kwa nyuzi za rangi. Nilifurahi, kusema kweli. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanaitazama kazi yangu upande ule ule unaoniumiza macho.

Ndipo televisheni ikaingilia. Kituo kimoja kiliwaonyesha vijana wetu wamesimama kwenye kona, wanakula karanga, wakawawekea na muziki wa kutisha. Mtaalamu wa malezi, na tai yake shingoni, akaeleza kwamba anayegeuza shati amewageuka wazazi. Kesho yake wakasema ni alama ya genge. Keshokutwa genge likapewa jina, ambalo sisi wenye mtaa tulilisikia hapo hapo kwa mara ya kwanza.

Kaka yangu, mtunza bohari, mtu mzima na akili zake timamu, alimeza yote bila kutafuna. Kwake ikifika taarifa ya habari hata kijiko hakigongi sahani. Akamwambia Sindano: ikifika Ijumaa bado unavaa upuuzi huo, utoke nyumbani kwangu, na chuo usahau. Sindano kwa ukaidi amerithi ukoo wetu mzima. Akamjibu kwa heshima zote kwamba shati havui.

Nikamfuata kaka kumweleza habari ya chaki. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nilipomaliza akasema, "Wale wamechunguza, dada yangu. Wewe unashinda dukani tu, utajua nini?"

Aisee, nilifura. Lakini njiani kurudi nikapata wazo. Huyu haamini mtu, anaamini kioo cha televisheni. Basi ukweli uingizwe humo humo kwenye kioo, ausikie humo. Nikampigia simu mwandishi wa kile kituo, nikamwambia anayejua mambo haya yalivyoanza ni mimi.

Alhamisi asubuhi akaja dukani na mpiga picha wake. Wakiwa wanapanga vitu vyao, kaka naye akatokea, amekuja kunigombeza kuhusu Sindano. Kuona kamera, hasira zote kwisha. Alichomekea shati, akawaamkia mara mbili, akaomba hata awashikie waya wa kipaza sauti. Akaketi kwenye benchi langu, karibu kiasi kwamba magoti yetu yaligusana.

Nilisema yote. Homa, chaki, mashati kumi na manne. Nikasema, "Ndiyo, mimi ndiye niliyeanzisha, tena kwa kukosea, na hakuna genge wala nini. Watoto hawa walinisitiri." Mwandishi alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma utadhani ni ndugu yangu. Walipokuwa wanafungasha, kaka akaninong'oneza.

"Kwa hiyo ilikuwa chaki tu?"

"Chaki tu, kaka."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Moyo wangu ukatua.

Jioni nikaenda kwake tuitazame pamoja, mimi, yeye, wifi yangu na Sindano. Nikatokea. Chini ya uso wangu wameandika: FUNDI WA GENGE. "Ndiyo, mimi ndiye niliyeanzisha," nikasema, wakanikata hapo. Ukaingia muziki ule ule, kisha akaja yule mtaalamu wa tai kusema inasikitisha mtu wa umri wangu kupotosha watoto wa wenzake.

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini mimi bado nilikuwa na shahidi wangu.

"Kaka, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Umewashikia waya. Nilisema nini?"

Macho yake hayakuondoka kwenye kioo, ingawa walishahamia hali ya hewa. "Kazini wote wataiona hii," akasema.

"Sikuulizi ya kazini. Nakuuliza nilisema nini."

"Si wameonyesha? Mengi yalisemwa pale. Sikumbuki vizuri."

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kurushiwa gauni usoni, na hakuna lililoniuma kama hilo. Nikasimama.

"Sindano, kusanya vitu vyako."

Wifi akainuka kwenda kumsaidia. Hakumtazama mumewe wala hakumwomba ruhusa, na nilimpenda sana kwa hilo.

"Huyo ni binti yangu," kaka akasema, sasa kaniangalia mimi.

"Ni wako, sijakuibia. Atalala kwangu, chuo atakwenda akitokea kwangu, na shati atavaa anavyotaka. Siku ukikumbuka nilichosema, njoo umchukue. Dukani nafungua saa mbili asubuhi."