Urefu Kwenda Juu

Fomu ya kituo chetu cha utafiti wa mimea ilijali kitu kimoja tu: urefu kutoka ardhini kwenda juu. Mmea unaotambaa shauri yake. Nami miaka mitatu nilikuwa nalea mmumunye mwitu, unaotambaa hatua kumi na mbili bila kunyanyua kichwa, na matunda yake machungu kama shubiri. Nikapima kwa rula. Sentimita kumi na moja.

"Nyasi za mwenzako zina mita moja na nusu," Bosi alisema, akigonga fomu kwa kalamu. "Maji hayatoshi vitalu viwili. Kesho nataka mshindi. Atakayeshindwa ang'olewe."

"Bosi, utashindanishaje nyasi na mmumunye? Huu unalala, zile zinasimama!"

"Fomu inasemaje?"

Damu ilinichemka. Lakini sikio halizidi kichwa. Nikatoka nikaubamiza mlango, kisha nikarudi kuufunga vizuri, maana nina watoto wa kulisha.

Majani alinikuta kitaluni nikifoka peke yangu. Ni mwenzangu, tunamwita hivyo kwa sababu ya zile nyasi zake. Mbegu alizikusanya mwenyewe, kwa miguu, kwenye vilima ambavyo sasa vimejengwa nyumba.

"Dada, utaumwa kichwa bure. Si wanataka kwenda juu? Tuusimamishe."

Akaleta mti mrefu na kamba. Aliushika mmumunye wangu taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, nami nikafunga. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mita tatu na ushei! Nikaandika.

Tulidhani Bosi ataona upuuzi wa fomu yake, aviache vitalu vyote viwili. Asubuhi alisoma tarakimu, hakuuliza kitu, akatia saini.

"Mmumunye umeshinda. Nyasi zing'olewe leo."

Majani alinitazama. Ningeweza kusema kwamba tuliufunga kwenye mti. Maneno yalifika kooni. Nikaifikiria miaka yangu mitatu, nikayameza.

"Sawa, Bosi," Majani akajibu.

Tuling'oa pamoja. Sikupata ujasiri wa kumwangalia usoni, na nilijichukia. Nilikuwa navuta kwa hasira, shina baada ya shina, mpaka akanishika mkono.

"Polepole, dada, utaikata mizizi," alisema, kana kwamba kuna mahali tunakokwenda kuzipanda.