Kulia kwa Mkia

Fundi cherehani alilivuta tela lake mpaka mbele ya nyumba bila kukwaruza chochote, akazima gari, akashuka akijipangusa mikono kama aliyemaliza kazi. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwenda mbele kila mtu anajua.

Lilikuwa tela dogo la kulala wasafiri, chumba kimoja juu ya magurudumu mawili: kitanda, jiko la gesi, na dirisha ambalo fundi alikuwa ameshalishonea pazia kabla hajakabidhiwa funguo. Ya lazima alikuwa ameshajifunza. Alijua kufunga kichwa cha tela nyuma ya gari na kukitikisa ahakikishe kimeshika, kupishanisha minyororo ya usalama chini yake, na kuomba mtu aangalie kama taa za breki zinawaka. Mzigo mzito aliuweka mbele kidogo ya magurudumu, maana tela lenye mkia mzito huyumba barabarani kama mlevi. Kujiamini hakujawahi kumpungukia. Wateja wake walisema huyu hushika mkasi kabla hujamaliza kumweleza mshono unaoutaka.

Barazani alikaa mumewe. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mpaka jicho moja likaingia ukungu na leseni ikaenda zake. Tangu hapo mzee na kiti chake hawaachani. Harusini haendi, kwa watoto haendi. Majirani walisema anapumzika. Kupumzika gani! Mtu alikuwa anazimika taratibu, na mkewe alikuwa anaona, na ilimuuma. Hilo tela halikuwa la anasa. Alilinunua ili amng'oe mumewe kwenye kile kiti.

Asubuhi hiyo mzee alikuwa ametoa sharti lake.

"Ukiliingiza uani kinyumenyume bila kugusa nguzo ya geti, nitasafiri na wewe popote. Ukigusa, usinitajie safari tena."

"Umesema mwenyewe, baba watoto," fundi alimjibu. "Mdomo uliponza kichwa."

Sasa wifi yake, dada wa mzee, alikuwa amejiegemeza ukutani na kikombe cha chai, tayari kwa burudani.

"Wifi, hicho kitu kinataka mwanamume!"

"Mwanamume si huyo hapo, kaka yako? Mwambie asimame, basi."

Fundi akarudi kwenye usukani, akatia gia ya nyuma. Mara ya kwanza mkia wa tela ulielekea kwenye ua wa jirani. Akasogea mbele, akalinyoosha gari, akarudi tena, na safari hii tela likajikunja mpaka likawa linatazamana na gari lililolivuta. Wifi alicheka chai ikamwagika. Fundi hakutoka jasho wala hakutukana mtu. Nguo isiyokaa inafumuliwa, inashonwa upya; akalinyoosha gari tena.

Ndipo kiti cha barazani kikalia. Mzee alikuwa amesimama. Alishuka ngazi polepole, akaingia uani, akajipanga nyuma ya tela.

"Kulia!" akaita. "Lete kulia!"

Fundi akakata usukani kulia. Mkia ukaenda kushoto.

"Kulia, mama! Kulia!"

"Si ndiyo nimekata kulia! Unataka nilie na machozi?"

"Kulia nakwambia!"

Akakata kulia zaidi, kwa hasira kidogo, na tela likazidi kulala kushoto, likiifuata nguzo. Mzee alimwona mkewe anakosea. Angenyamaza tu, sharti lingekuwa lake, na kiti pia. Badala yake aliruka, akalipiga tela kofi kwa kiganja.

"Simama! Simama hapo hapo!"

Kati ya tela na nguzo palibaki upana wa kidole. Fundi aliuona kwenye kioo, akaona pia lile kofi limetoka kwa nani. Alijawa na furaha, lakini sauti aliidhibiti.

"Nikuulize," fundi alimwambia mzee alipofika dirishani. "Kulia unakosema ni kwa usukani au kwa mkia?"

"Kwa mkia! Tingo akisema kulia ni mkia. Dunia nzima inajua."

"Na mikono, tingo anaielekeza ya nani?"

Miaka yote mzee alikuwa akiitiwa na matingo, wasaidizi wake wa lorini, "kulia" na mikono yake inafanya kinyume bila kumwuliza. Yeye mwenyewe hajawahi kusimama nyuma kumwitia mtu. Akaingiza mkono dirishani ajikumbushe, na kiganja hakikwenda juu ya usukani. Kilishuka chini kabisa, kikashika pale, kikavuta kulia. Usukani wenyewe ukazunguka kushoto.

Akabaki ameushika. Hakuwa amegusa usukani tangu leseni iondoke.

"Shika hapa chini," alisema. "Nikikuitia upande, peleka mkono upande huohuo. Na kidogo kidogo. Lori refu lina subira. Hiki kifupi ni kijeuri, ukikigusa tu kimeshageuka."

"Sawa, tingo."

"Nani tingo?"

"Aliye nyuma ya tela ni nani?"

Wifi hakucheka. Hata mzee hakununa. Alirudi nyuma, na safari hii aliita kwa sauti ya mtu aliye kazini. "Kulia. Kidogo. Nyoosha. Njoo, njoo, njoo." Fundi alipeleka mkono alikoambiwa, pole kwa pole, na tela likapita katikati ya nguzo mbili mpaka likatulia uani, limenyooka kama pindo la kitambaa cha meza.

Alizima gari, akashuka, akaanza kuokota vipande vya matofali vya kuzuia magurudumu.

"Acha hayo," alisema mzee. "Litoe tena."

"Nilitoe? Baada ya kuhangaika kote huku?"

Mzee alikuwa ameshafungua mlango wa gari upande wa tingo, kando ya dereva. Alikalia kile kiti ambacho maishani mwake hajawahi kukikalia, akavuta mkanda, akaufunga.

"Kurudi nyuma tumeshajua," alisema. "Twende."